Sindano ya Majibu Mazuri

Jumatatu, 22 Februari 1999

Sindano zimefika. Bwana Clementi amelifungua boksi mwenyewe mbele yangu na ya msaidizi mpya Jeska, polepole, kama bwana harusi anayefungua zawadi. Koti lake jeupe halina doa kwa sababu halijawahi kufanya kazi.

"Madam Ursula, umelalamika tangu Krismasi. Haya, mpya kabisa hizo."

Nikatoa moja, nikaiinua dirishani. Bomba la kioo jembamba kuliko penseli, waya ndani yake wa kuvuta na kusukuma, na mbele sindano nyembamba kama unywele. Mpaka hapo sawa. Lakini ncha butu! Mashine yetu ya kupimia sumu ina kizibo cha mpira mlangoni, na sindano lazima iutoboe mpira huo ndipo imwage ndani. Ndiyo maana ncha yake hukatwa mshazari, kama mwanzi uliochongwa. Ncha butu haitoboi. Inatafuna mpira, inaziba, inapinda.

"Hizi ni za mashine ya aina nyingine," nikamwambia.

"Sindano ni sindano, madam."

Huyo ndiye mkuu wa maabara ya kiwanda kinachopeleka minofu ya sangara Ulaya. Ni mpwa wa mwenye kiwanda. Alisomea biashara Uingereza, na kitu pekee alichorudi nacho ni namna ya kutamka "data". Mimi nimezishika sindano hizi miaka mingi katika maabara ya serikali Mwanza, mpaka walipotupunguza mwaka tisini na tano, wazembe na wachapakazi kwa kalamu moja. Niliondoka na cheti, na sindano moja nzuri niliyoachiwa na mtaalamu wa mradi siku mradi ulipokufa. Ninayo bado. Inalala ndani ya pamba, kwenye kisanduku cha miwani, na hakuna anayeigusa.

Jumatano, 24 Februari

Nimeanza kumfundisha Jeska. Alikuwa karani wa chama cha ushirika. Chama kilipokufa, mjomba wake akamtafutia nafasi hapa. Ni mtu mzima na watoto wake wawili, na anaishika sindano kama mwiko wa ugali.

Nimemwambia: bomba halishikwi, unashika shingo yake, maana joto la vidole linapanua kimiminika na kipimo kinageuka uongo. Waya hauvutwi mpaka ukatoka. Waya wa sindano hii hauingii kwenye bomba la ile. Zilisagwa pamoja, ni ndoa ya kanisani. Unaosha kabla, unaosha baada, na ukidhani imetakata unaosha tena, kwa sababu mabaki ya sampuli ya jana yatamsingizia samaki wa leo. Unavuta na kusukuma upesi upesi mpaka mapovu yaishe, halafu unavuta taratibu, unafuta sindano kwa karatasi laini bila kugusa ncha.

"Yote hiyo kwa ajili ya mikrolita moja?"

"Chukua tone la maji uligawe mara hamsini. Kipande kimoja ndiyo mikrolita."

"Sasa dada, kitu kidogo hivyo kinaweza kusema nini?"

Kuna maswali yanayochosha kuliko kazi.

Ijumaa, 26 Februari

Jeska amepinda waya wa sindano ya kwanza. Umeme hakuna tangu asubuhi. Bwana Clementi yuko Mwanza kwenye semina ya ubora.

Jumatano, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mtaa wetu wa Kitaji wote unanuka udongo na vyoo.

Bwana Clementi amepata ufumbuzi. Alizipeleka sindano zake kwa fundi saa wa mtaa wa Mukendo, zikanolewe! Zimerudi zina ncha kweli, na ndani ya bomba zina unga wa chuma ambao umeshakwaruza kioo. Nilimwonyesha kwenye mizani. Mikrolita kumi za maji zina uzito wa miligramu kumi, hata mtoto wa sekondari anajua. Sindano yangu ilitoa kumi, kumi, kumi. Ya kwake ilitoa sita, ikatoa nne, ikatoa saba. Hata mwongo hodari hurudia uongo uleule.

"Zinavuja," nikasema. "Kimiminika kinarudi nyuma kupitia kwenye waya. Ukichoma mashineni, presha ya gesi inakisukuma chote kirudi juu."

Akacheka. "Madam, wewe unapenda matatizo."

Jumanne, 9 Machi

Leo nimeelewa kwa nini hanunui nyingine.

Ulaya wanataka uhakika kwamba samaki wetu hawavuliwi kwa sumu. Na sumu ipo, kila mtu anajua. Wapuuzi wa ufukweni wanamwaga dawa ya pamba majini, samaki wanaelea matumbo juu, wanawaokota kama viazi. Kazi yetu ni kutoa mafuta ya samaki, kuyasafisha, kuchoma mikrolita moja kwenye mashine na kungoja. Kama sumu ipo, kalamu ya mashine inachora mlima kwenye karatasi. Kama haipo, inachora mstari.

Jana nilichoma sampuli moja kwa sindano yangu: kilima kidogo, chini ya kiwango, lakini kilima. Leo Bwana Clementi akamwambia Jeska aichome ileile kwa sindano ya fundi saa. Mstari. Akaichukua karatasi, akaiangalia kama picha ya mchumba.

"Kuanzia leo tutumie hii," akasema. "Hii inatoa majibu mazuri."

Nikamuuliza, kama ni majibu mazuri tu tunayotaka, kwa nini tusichome hewa? Akasema nijirekebishe lugha.

Jumapili, 14 Machi

Felisian alikuja baada ya misa, na mkewe Boke. Huyu mdogo wangu ndiye mtu pekee katika mkoa huu ambaye hanichoshi. Wazazi wetu walipokufa alikuwa darasa la sita. Alivua dagaa usiku, shule mchana, mpaka shule ikashindwa. Leo ana mitumbwi miwili na injini mpya, na pale ufukweni Mugango wanaume wa umri wa baba yake wanamwita mzee.

"Siku hizi ziwa linatoa, dada," alisema. "Tulikuwaga tunakesha kwa samaki wanne. Sasa tunarudi mapema, tumejaza."

Nikampongeza. Nikawahadithia habari ya fundi saa na sindano ya majibu mazuri, nikiigiza sauti ya Clementi. Felisian alicheka mpaka akashika mbavu. Boke hakucheka. Sidhani kama alielewa. Alitolewa huko Tarime kwa ng'ombe wengi, na tangu aje sijamsikia akisema jambo lisilohusu kuni, maji au kuku. Alikaa kwenye kiti akiangalia mikono yake.

"Kuku wanakufaga kwetu, wifi," alisema ghafla.

"Ni mdondo," nikamwambia. "Msimu wake huu."

Felisian akabadilisha mazungumzo.

Alhamisi, 18 Machi

Mvua. Jeska ameosha sindano vizuri mara ya kwanza tangu aanze. Sikumwambia.

Jumamosi, 20 Machi

Nilikwenda Bunda kutafuta chupa ya dawa ya pamba, niilinganishe na milima yangu, maana Bwana Clementi hajui hata mlima upi ni wa dawa ipi. Zamani dawa hiyo ilitolewa na chama cha ushirika, kwa mkulima, kwa msimu, na bwana shamba amesimama pale. Sasa soko ni huria. Niliikuta dukani kwa mtu anaitwa Alfonsi, rafu moja na sukari, sabuni na biskuti za watoto.

"Unalima ekari ngapi, mama?"

"Silimi. Ni ya maabara."

Akacheka. "Basi si wewe peke yako usiyelima. Watu wa ziwani wananimalizia. Sijui pamba yao wanapandaga wapi, kwenye maji?"

"Na wewe unawauzia."

"Mimi nauza dawa. Sipandi samaki."

Alikuwa na msalaba mkubwa shingoni. Nilimwangalia nikashindwa kuamua kipi kinaniudhi zaidi, msalaba au tumbo.

Kurudi, basi lilinasa kwenye tope karibu na njia panda ya kwenda Butiama. Tulishuka wote, wanaume wakasukuma, na wasiosukuma wakalaumu serikali, wafanyabiashara, Wazungu na dereva. Hakuna aliyejilaumu mwenyewe. Nilisimama mvuani na chupa kifuani, nimeivika mfuko wa nailoni, nikiwadharau wote kwa zamu.

Jumanne, 23 Machi

Mstari. Mstari. Mstari. Sindano ya fundi saa imewatakasa samaki wote wa ziwa.

Ijumaa, 26 Machi

Nimeandika malalamiko kwa mwenye kiwanda. Bwana Clementi ameyajibu yeye. Anasema siku moja kwa wiki naweza kupima kwa sindano yangu, "kwa kujiridhisha". Nimechagua Alhamisi.

Alhamisi, 1 Aprili

Nataka kuandika taratibu.

Asubuhi Jeska alileta makreti manne ya kuchukulia sampuli. Kila kreti ina kibao cha ufukwe na jina la mwenye samaki. La tatu lilikuwa la Mugango, na jina lilikuwa la Felisian. Nilifurahi, Mungu ananiona. Nilimwambia Jeska, "Sasa utaona samaki wa mvuvi mwenye akili."

Nilifanya kila kitu kwa mkono wangu. Niliosha, nikachoma kwanza kimiminika kitupu ili nijue sindano ni safi, na kalamu ikachora mstari ulionyooka. Kisha sampuli ya Mugango. Kalamu ilikwenda mstari, ikakwenda, halafu ikapanda. Ikapanda mpaka ikagonga ukingo wa karatasi na kubaki inatetemeka hapo juu, haina pa kwenda.

Nilisema sindano ni chafu. Nikaosha tena, nikachoma kitupu tena: mstari. Sampuli tena: mlima uleule, mahali palepale. Nikafungua chupa ya Bunda, nikaizimua mpaka ikawa karibu maji, nikaichoma. Mlima wake ulisimama juu ya ule wa Mugango kama mtu na kivuli chake saa sita mchana.

Nikasema pengine Clementi amechezea mashine. Pengine kreti limebadilishwa. Pengine samaki wamechanganywa njiani. Nilikwenda mwenyewe kwenye chumba cha barafu, nikakata kipande kingine kutoka kwa samaki mwingine wa kreti lilelile, nikaanza upya kuanzia mafuta. Ilichukua hadi saa za chakula na baada yake. Jeska alinisaidia bila kuulizwa, na mikono yake, lazima niandike, ilikuwa inafanya vile nilivyoifundisha.

"Dada," aliniuliza nilipokuwa navuta mikrolita ya mwisho, "na ukipata ileile?"

Nikapata ileile.

Kwenye meza, pembeni ya mkono wangu, ilikuwepo ile sindano ya fundi saa. Sitaki kujidanganya humu ndani: niliichukua. Niliivuta, nikaijaza, nikaiinua kwenye mwanga. Wiki tano nimeicheka sindano hii kwa kila anayenisikia, na leo ilikuwa nyepesi na rafiki mkononi. Mchomo mmoja tu, na Mugango ingekuwa mstari kama fukwe nyingine zote. Clementi angefurahi. Felisian angefurahi. Ulaya wasingejua.

Jeska alikuwa ananiangalia. Niliirudisha mezani.

"Nitarudia baada ya Pasaka," nikamwambia. "Usimwambie mtu bado."

Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuniangalia tena usoni.

Ijumaa Kuu, 2 Aprili

Nimekwenda Mugango. Badala ya njia ya msalaba nilipita njia ya ufukweni, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Mama yake Thadeo, Bibi Dorkas, alikuwa anaanua dagaa mbio mbio kabla mvua haijarudi. Nyumba yao inapakana na ya Felisian, na Thadeo ni fundi wa kushona nyavu zake. Bibi akaniita, "Ursula! Hupitiagi kusalimia siku hizi?" Nikasema nina haraka, nitapita nikirudi. Wajukuu wake wawili walikuwa wanamsaidia, kila mmoja na beseni kichwani kama kofia.

Nilimkuta Felisian kwenye injini yake. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kumwamini.

Akajifuta mikono. "Dada, kila mtu anafanya."

"Sikuulizi habari ya kila mtu."

"Nisikilize. Hao wenye nyavu kubwa wa kiwanda wanakomba kila kitu. Sisi tunabakiwa na nini? Nikikataa mimi, anamwaga jirani, samaki wanakufa vilevile, na ninayelala njaa ni mimi. Ni kidogo tu. Kifuniko kimoja."

"Watu wanakula samaki hao, Felisian!"

"Wa Ulaya."

"Na vichwa? Na matumbo? Wadogo wanaokataliwa na kiwanda wanakwenda wapi?"

Hapo alitazama ziwani. Kisha akatabasamu lile tabasamu lililokuwa likinifanya nimpe nyama yangu tulipokuwa watoto. "Si una ile sindano ya bosi wako? Ile ya majibu mazuri. Tumia hiyo, dada. Mara moja tu. Mimi naacha. Naapa kwa marehemu mama, chupa naitupa leo."

Nilimwangalia, na nikaona Alfonsi wa Bunda. Nikaona Clementi. Uso uleule wa mtu aliyeridhika, ila huu ulikuwa na macho ya baba yetu. Nilimwambia hafai hata kuokota mikia ya samaki sokoni. Nilimwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyaandika siku ya leo. Lakini nilipomaliza kutukana, nilimwambia nampa mpaka Jumanne aache na asafishe mitumbwi. Eti nampa. Kama nani?

Boke alikuwa mlangoni, amesikia. Nilimpita bila kumsemesha.

Nikarudi kwa njia ya barabarani, isiyopita kwa Bibi Dorkas. Sikutaka kusalimiana na watu.

Pasaka, 4 Aprili

Mvua. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 5 Aprili

Boke amebisha hodi kabla sijanywa chai. Amelowa, miguu mitupu, na kitu amekifunga tumboni ndani ya kanga.

"Wifi, vaa twende hospitali. Mama Thadeo na wale watoto wawili wameletwa tangu jana jioni. Wanatetemeka, wanajipindapinda. Wametundikiwa kwinini. Wanasema ni malaria ya kichwani."

"Huenda ni malaria kweli."

Akanitazama. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu ambaye nilimhesabu mjinga. "Kuku waliokulaga matumbo ya samaki walikufa hivyohivyo. Nilikwambia habari ya kuku hapahapa. Ukasema mdondo."

Akafungua kanga. Ilikuwa chupa, kifuniko kimeliwa na kutu, nusu imekwisha. Alisema Felisian hakuitupa. Aliificha chini ya magunia, na Ijumaa hiyohiyo jioni alitoka nayo. Jumamosi asubuhi samaki wadogo waligawiwa majirani kwa ajili ya Pasaka.

Tulikimbia. Mganga wa zamu alikuwa kijana mchovu aliyekesha. Nilipoanza kusema maabara na mikrolita aliniinulia mkono, "Mama, ngoja nje." Boke akaiweka chupa juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, akasema, "Wamekula hii." Basi. Kijana aliisoma, akasimama. Nikamwambia ni dawa gani, nimeiona kwenye samaki wa huko kwa mashine, sina shaka. Aliita muuguzi, wakaanza dawa ya kutuliza mishtuko, wakawaosha watoto, wakawahamisha.

"Uliiona lini?" aliniuliza akiwa anaandika.

"Alhamisi."

Hakuinua kichwa.

Watoto wametulia mchana. Bibi Dorkas alifariki kabla hatujafika. Alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, amefunikwa shuka ya hospitali, na vidole vyake vilikuwa na magamba ya dagaa.

Jumanne, 6 Aprili

Nimechoma sampuli ya Mugango mara ya mwisho, kwa sindano yangu, Jeska akishuhudia. Nimeandika majibu kama yalivyo. Nikampelekea Bwana Clementi.

Aliyasoma, akayaweka chini. "Madam, wiki hii Wazungu wanaamua kuhusu samaki wetu. Hii karatasi haiwezi kutoka. Irudieni kwa sindano ya kiwanda."

"Amekufa mtu."

"Nimesikia. Pole. Lakini si alikuwa mzee? Wazee wanakufa, madam. Usiunganishe mambo."

Nimedharau watu wengi maishani mwangu na nilikuwa nafikiri naujua urefu wote wa dharau. Nilikuwa sijafika mbali. Lakini mdomo ulipofunguka haukutoa kitu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeyaficha majibu hayo tangu Alhamisi, bila hata kungoja Wazungu.

Aliyesema ni Jeska. "Bosi, ile sindano yako haipimi. Nimeipima mwenyewe kwenye mizani. Mimi natia sahihi yangu chini ya ile ya dada Ursula." Akachukua kalamu mfukoni mwa koti la Clementi, akaandika jina lake herufi kwa herufi, kama karani wa ushirika. Mtu mwenye watoto wawili, na kazi aliyotafutiwa na mjomba wake.

Tumeipeleka wenyewe kwa afisa wa uvuvi. Tulimkuta Boke ameshafika kabla yetu, amekaa kwenye benchi, ameeleza yote. Mitumbwi, mahali, siku, jina la mumewe. Alikuwa amemaliza, anangoja mvua ikatike arudi kwenye msiba.

"Felisian yuko wapi?" nikamuuliza.

"Amekwenda visiwani. Alichukua injini." Kisha akaongeza, "Hakuaga."

Alhamisi, 8 Aprili

Bibi Dorkas amezikwa. Sikwenda. Nilijiambia ni kazi.

Jumatano, 14 Aprili

Redio imesema Ulaya wamefunga mlango, samaki wetu hawaingii. Kiwanda kimezima mitambo mchana. Akina mama wa minofu wamesimama getini na mabuti yao mkononi, wakingoja mtu aje kuwaeleza. Hakuna aliyekuja. Sasa wote tumelingana, waliomwaga sumu na wasiomwaga, kama tulivyopunguzwa zamani.

Jumatatu, 19 Aprili

Bwana Clementi amehamishiwa Mwanza kwenye tawi lingine la mjomba, amepandishwa cheo. Ameondoka na gari. Sindano zake ameziacha mezani. Jeska amezivunja moja moja kwenye ndoo ya vioo, kwa utulivu, kama anayechambua maharage. Nilimwomba moja nivunje mimi. Akanipa.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua imepungua. Jeska ameanza kukaanga maandazi hapo Mukendo. Nimempelekea kitabu changu cha kemia. Sijui kwa nini. Alikipokea kwa mikono miwili yenye unga.

Jumamosi, 8 Mei

Hatimaye nimekwenda kwa Thadeo.

Nilipita kwanza kwa Boke. Ameuza mtumbwi mmoja, mwingine amewapa watu wavue kwa nyavu, na yeye anasimama ufukweni akikagua. Wanaume wanamcheka, halafu wanafanya anavyosema. Nilitaka kumwambia jambo, nikaishia kuuliza hali ya kuku. Akasema, "Wameanguliwa wengine." Akanisindikiza mpaka kwenye mpaka wa nyumba, akaniacha hapo.

Thadeo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anashona wavu. Hakusimama, lakini alinivutia kigoda kwa mguu. Nikatoa pole. Akaitikia. Uzi ulikuwa unaingia na kutoka.

"Ile Ijumaa Kuu ulipita hapa," alisema.

"Nilipita."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akakata uzi kwa meno. Sauti yake haikupanda. "Mama alisema Ursula amepita na haraka, hajala, amesema atarudi. Boke alipotuletea samaki Jumamosi, mama akakuwekea mmoja, yule mzuri. Alisema huendagi mjini bila kupitia kwake. Alifikiri umelala kwa Felisian. Jumapili mchana hujaja. Akasema samaki asiharibike. Akawapa watoto mwili, yeye akala kichwa."

Nilitafuta la kusema. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno kwa mtu yeyote, kwa Clementi, kwa Alfonsi, kwa wale wa kwenye tope pale njia panda. Ningefurahi kama angenitukana. Ningelijua la kujibu. Yeye aliendelea kushona tu, kama mtu aliyeulizwa njia akaelekeza.

"Na watoto?" niliuliza mwishoni.

"Wapo. Yule mdogo amerudi shule. Huyu mkubwa bado kidogo." Akageuza kichwa ndani. "Jeni! Mletee mgeni maji."

Msichana alitoka na bilauri ya bati, ameishika kwa mikono miwili, anatembea taratibu sana, macho yake yote kwenye maji. Mikono ilikuwa inatetemeka. Haikuacha kutetemeka hata alipoibana kifuani. Nilitaka kuinuka nimpokee njiani, Thadeo akasema, "Muache alete." Nikakaa. Maji yalimwagika kwenye gauni lake, yakamwagika kwenye miguu, na alipofika kwangu ilikuwa imebaki nusu.

Akapiga goti. Nikaipokea, nikanywa yote.